Asiyeweza kazi naye ni mwanakijiji

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo ni za kundi hilo. Hatua njema, ila zote mbili zinamfaa anayeweza kuajiriwa au kurejesha mkopo. Yule ambaye daktari na ndugu wameshakata shauri kwamba hawezi kazi yoyote hana pa kuingilia. Tumelifanya jasho kuwa tiketi ya mtu kuhesabiwa, na hapo ndipo tulipokosea.

Kenya imejaribu njia nyingine. Kupitia Inua Jamii, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji uangalizi wa kila saa, hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwenye nyumba isiyo na unga, si haba. Lakini tazama zinavyopita: ili uandikishwe lazima ithibitike kwamba huwezi, kisha mlezi ndiye anayepokea kwa niaba yako. Anarudi na unga, sabuni na nepi, na mwenye fedha hajaulizwa kama angependa redio inunuliwe betri. Amelishwa, hajashirikishwa.

Wapo watakaosema serikali maskini haina budi kuanza na wanaozalisha. Wanamsahau mlezi, mara nyingi mama: asipopata wa kumpokea, naye ameondoka shambani na sokoni, na hesabu hiyo hiyo ya uzalishaji inapungua watu wawili. Tena si kila jambo hapa linadai fedha. Kuutoa mkutano wa mtaa kwenye ofisi yenye ngazi na kuuleta chini ya mwembe hakuhitaji bajeti. Panapohitajika fedha, Zanzibar tangu Aprili 2016 inampa pensheni jamii mzee aliyetimiza miaka 70 bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wengine hawasemi. Nani atajua wanataka nini? Kweli, baadhi watahitaji msemaji maisha yao yote. Hata hivyo, anayemlisha mtu kila siku anajua anavyogeuza uso kwa uji asioupenda, na anavyochangamka watoto wa jirani wakipita. Huo nao ni uamuzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, umeweka haki ya kuishi ndani ya jamii kwenye kifungu cha 19 na kazi kwenye cha 27, wala cha pili si sharti la cha kwanza. Basi afisa ustawi wa jamii, kabla ya kupima nguvu za mikono, aulize mtu huyu anapenda kwenda wapi na nani atampeleka, na jibu liingie kwenye faili.