Ukidoea, Piga Hodi

Ijumaa saa tatu usiku, keja ya Umoja. Sufuria ya ugali iko katikati, sukuma imebaki kidogo, na mabeshte wangu wawili washaanza kuzozana tena. Mmoja ni mchoraji. Mchana anapigianga nganya rangi kwa gereji, usiku anachora kava za ngoma na posta kwa lapi. Mwingine ni deva, analipwa kuandika kodi za mfumo wa malipo. Wamelipa hiyo keja pamoja miaka tatu. Washagawana msoto, washagawana mpaka chaja. Hakuna kitu imewai waweka mbali ka hii story ya AI.

Chenye kiliwasha moto siku hiyo ni posta. Mdosi flani wa klabu alikuwa ameelewana na mchoraji ngiri nane, alafu akanyamaza. Wiki mbili baadaye posta ikatokea kwa stetasi, imetengenezwa na AI. Mchoraji akaifungua kwa simu, akaivuta na vidole viwili mpaka kona ya chini, mkono wa kulia. Kulikuwa na mkwaruzo mweupe, ka herufi tatu zimenyeshewa.

"Buda, cheki hapa," akashow deva. "Hii ni sahihi. Mashine haijui maana ya sahihi. Imeona tu picha mob ziko na kitu kwa kona, so nayo ikaweka kitu kwa kona."

Deva akaangalia, akarudisha simu. "Ni ngori, nakubali. Lakini hakuna msee ameibiwa hapo. Imesoma tu, vile wewe ulisoma kazi ya wengine."

Mi nakaanga katikati yao, na nimeskia hii maneno mpaka nikajua ni kwa nini wasee wawili wenye akili timamu, wenye wanapendana, wanaweza angalia picha moja na kila mtu aone kesi yake.

Mkono wa mchoraji

Ukitaka kumwelewa, enda gereji. Msee akikuja kujifunza kazi hapewi rangi. Anapewa msasa. Anasugua filla kwa bodi ya mathree mpaka vidole ziote ganzi, alafu anafunzwa kubandika tepu, alafu kuchanganya rangi, na thina imemkaa kwa nguo mpaka mathe anajua amefika kabla abishe. Miezi inaisha hivo. Uso wa mtu anaachiwa mwisho kabisa, na kwa uso, kitu ya mwisho ni nukta ndogo nyeupe kwa mboni ya jicho. Ukiikosea, hiyo sura inalala. Ukiiweka penye inafaa, inaamka na kukuangalia.

Hao wasee washapitia mengi. 2004, sheria za waziri Michuki zilileta ile laini ya manjano na michoro ikafutwa kwa mathree. Walisota, wengine wakasare, wengine wakahamia mabango ya kinyozi na hoteli. Sanaa ikarudi juu kuna mikono zilikataa kusahau. So ukimshow mchoraji ati mtambo sasa unaweza toa kitu inakaa ka kazi yake kwa sekunde kumi, haogopi mashine. Anatumia lapi, anatumia eabrashi, ako sawa na vyuma. Kinachomuuma ni penye mtambo ulitoa hiyo akili.

Na penye ilitoa panajulikana. Stable Diffusion, AI ya kutengeneza picha, ilitoka Agosti 2022, ikiwa imefunzwa na sehemu za mkusanyo unaitwa LAION-5B: viungo vya picha zaidi ya bilioni 5.8, na maneno yake, vyenye viliokotwa kwa intaneti. Wenye picha hawakuulizwa. Huko Poland kuna mchoraji anaitwa Greg Rutkowski. Watu waliandika jina lake kwa promti mara nyingi sana, mpaka akisaka kazi zake mwenyewe anapata picha zenye hajawai chora. Januari 2023, wachoraji watatu wa Marekani, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, wakaenda kortini kushtaki wenye mitambo ya picha.

Ule mkwaruzo wa kona nao uko na kesi yake. Getty Images, kampuni ya mafoto, ilishtaki wenye Stable Diffusion juu ya kutumia mafoto yake, na juu picha zilikuwa zinatoka na mabaki ya alama yake. Novemba 2025 jaji wa London akakubali kwa sehemu ndogo kwamba hiyo alama ilitumiwa vibaya, lakini akakataa kwamba modeli yenyewe ni kopi ya mafoto. Mchoraji aliposoma hiyo alinyamaza dakika mob. "So chata ndio ilihesabika," akasema.

Mkono wa deva

Sasa kuja pande hii ingine. Deva hakuenda chuo ya maana. Alichanuka kwa saiba, soo moja kwa masaa machache, akisoma kodi za watu hajawai waona na hatawai waona. Mtaa wa madeva umejengwa hivo. Tangu 1991, Linux inajengwa na watu wa kila pande ya dunia, na mtu yeyote anaweza ichukua. Kwao, msee akichukua kitu yako na kuijenga juu, hiyo ni heshima. Ukificha ndio unaonekana mchoyo.

Alafu kuna vile kazi inapimwa. Hakuna mtu hulia akiona fomu ya kuingiza paswadi. Swali ni moja: inafanya ama haifanyi? So GitHub Copilot, AI ya kuandika kodi, ilipofunguliwa kwa watu wote Juni 2022, dola 10 kwa mwezi, deva alilipa bila kufikiria mara mbili. Ile sehemu ya kazi yenye ilikuwa inamkula siku mbili sasa inaisha kabla ya lanchi. Maswali yake ya haki ni mengine: data ya klaenti inaenda wapi? Hii kodi iko na shimo lenye mwizi atapitia? Ikianguka, nani analaumiwa?

Na si ati hana moyo. Kitu inamnyima usingizi ni wale wanaanza kazi. Zile kazi ndogo zenye yeye alifunzwa nazo ndizo mashine inafanya saa hii. "Nani atampea mtoto wa mtaa nafasi ya kukosea?" aliniuliza siku moja, na nikaskia ni ka ameongea mchoraji, ile story ya msasa.

Pia madeva hawako lugha moja. Kuna jamaa wa Marekani anaitwa Matthew Butterick. Ni programa, ni wakili, na pia huchora fonti. Novemba 2022 alikuwa kwa kesi ya kushtaki Copilot kwa niaba ya madeva. Miezi miwili baadaye alikuwa upande wa wale wachoraji watatu. Msee mmoja, mikono zote mbili, na aliona kesi ni moja.

Faili yenye hatusomangi

Hiyo Ijumaa nilimwambia deva afungue mradi wake wenye ameweka wazi kwa watu. Ndani kuna faili ya leseni, ile ya MIT, fupi kuliko risiti ya supa. Inakupea karibu kila kitu: tumia, kopi, badilisha, uza. Inakuuliza kitu moja tu, uache jina la mwenye kazi na hiyo ilani kwa kila kopi.

Aliisoma polepole, na anaijua miaka yote. Akafunga lapi nusu.

"Hapo umenishika," akasema. "Kumbe hata sisi tunataka jina ibaki kwa kona."

Mlango ulikuwa wazi, na dem wa keja ya pili alikuwa amesimama hapo na kikombe, amekam kuomba chumvi. Ashawai fanya zile kazi za kuwekea mitambo lebo. "Mnabishana nani alikopiwa," akasema. "Mi nilisoma uchafu wa dunia nzima ndio hiyo mashine iongee vizuri. Nililala vibaya mwaka mzima. Kwa hii story yenu niko wapi?"

Hakuna mtu alijibu haraka. Jarida la TIME lilitoa hiyo habari Januari 2023: wafanyikazi wa kampuni ya Sama hapa Nairobi, wakilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, walikuwa wanasoma maandishi ya ukatili ili ChatGPT isafishwe. Mei mosi mwaka huo, zaidi ya wafanyikazi 150 wa kazi za aina hii walikutana Kanairo wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hii AI si kitu ya mbali yenye tunaiangalia kwa dirisha. Imepitia mikononi mwa majirani wetu.

Kwa mtaa, kudoea si dhambi. Sote tushadoea. Lakini iko na sheria zenye hazijaandikwa popote: unapiga hodi, unakula penye umeonyeshwa, na ukimaliza unaosha sufuria. Hawa wenye mitambo waliingia bila hodi, wakamanga, na sasa wanatuuzia ugali kwa sahani zetu. Mchoraji anateta juu ya hodi. Deva anapenda mlango ukae wazi. Dem wa jirani ndiye aliachiwa sufuria. Wote watatu wako sawa, na ndio maana mi sitaki kuambiwa nichague upande.

Hapa Kenya, sheria ya hakimiliki ya 2001 inasema kazi ikitengenezwa na kompyuta, mtunzi wake ni yule alifanya mipango ya kuitengeneza. Hiyo inapanga chenye kinatoka. Chenye kiliingia, hiyo sentensi haigusi. So saa hii heshima ni juu yetu. Ukitumia AI, mshow klaenti. Usiandike jina la msanii mwenye ako hai kwa promti ndio upate staili yake bure. Kwa kontrakti, andika kazi yako inaweza funza mashine ama haiwezi. Deva, usitoe majina kwa kodi za watu.

Wiki iliyopita deva alikuwa anaundia kinyozi tovuti. Alitoa rasimu ya picha na AI, alafu akatuma mesej chumba ya pili: "Buda, nataka ikae staili yako. Ukikataa naifuta."

Jibu likarudi: "Ngiri nne. Na nachora mwenyewe."

Nimeiona hiyo picha. Jamaa kwa kiti, shuka shingoni, na ile nukta nyeupe kwa jicho imekaa penye inafaa. Kona ya chini, mkono wa kulia, jina linasomeka.