Kidonge cha Unguja, bei ya Vitongoji

Mtu mzima wa Vitongoji, Pemba, akishaambiwa na daktari kwamba ana ADHD, yaani akili isiyotulia mahali pamoja tangu utotoni, mambo kuanzwa yasimalizwe, miadi kusahauliwa, pesa kupotea mkononi, swali linalofuata ni la mfuko. Bima hana. Anauza dukani, anachuma karafuu, analima mwani, au anafundisha skuli kwa kujitolea. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya 2023, ulianza na watumishi wa umma. Yeye hayumo.

Atasema: mbona matibabu Zanzibar ni bure? Ndiyo, ni sera iliyotangazwa na Mzee Karume Machi 1964, na mpaka leo imewaokoa wengi. Lakini bure ya hospitali ni bure ya kile kilichomo stoo. Dawa isiyokuwemo unaandikiwa, unakwenda kuitafuta dukani kwa pesa yako. Na dawa za ADHD kwa mtu mzima ziko kwenye kundi hilo karibu kila mara.

Dawa yenyewe kuu si mpya. Methilifenideti ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, ikaanza kuuzwa miaka ya 1950 kwa jina la Ritalin, ambalo alilitoa kwa mkewe, Rita. Haki miliki yake imekwisha siku nyingi, na viwanda kadhaa vya India vinaitengeneza kwa majina mengine. Kwa hiyo mtu asikwambie ni ghali kwa sababu ni uvumbuzi mpya. Inakuwa ngumu kwa sababu mbili. Ya kwanza, imewekwa kwenye Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, hivyo hufungiwa kabatini, huandikwa kwenye daftari maalumu, na kwa kawaida hutolewa ya mwezi mmoja tu. Ya pili, Shirika la Afya Duniani liliombwa mwaka 2019, na tena 2021, kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, na mara zote mbili likakataa, likisema ushahidi wa manufaa yake ya muda mrefu hautoshi, hasa pale pasipo na wataalamu. Nchi nyingi hununua kwa kufuata orodha ile. Isipokuwemo, muagizaji wa dawa haoni soko, na duka la dawa la Chake Chake haliwezi kuweka kidonge ambacho mteja wake ni mmoja kwa mwezi.

Hapo ndipo hesabu ya Vitongoji inapotofautiana na ya Dar es Salaam. Kidonge kikiwa Unguja, bei yake ni sehemu tu ya gharama. Kuna gari ya kwenda bandari ya Mkoani, kuna meli, kuna kula na kulala mjini Unguja, kuna siku mbili za kazi zilizopotea. Tuchukue mfano, na msomaji aweke bei atakazotajiwa mwenyewe. Tuseme dawa ya mwezi ni Sh 60,000, na safari nzima, kwenda na kurudi, ni Sh 120,000. Ukilazimika kuifuata kila mwezi, miezi 3 inakula Sh 540,000. Kwa miaka mingi ZSTC, shirika la biashara la serikali, lilinunua karafuu za daraja la kwanza kwa Sh 14,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, Sh 540,000 ni karibu kilo 39 kavu, na karafuu mbichi hupoteza kama thuluthi mbili za uzito wake jamvini, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 115 zilizochumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo. Vidonge peke yake vingekula kilo 13 tu. Zilizobaki zimeliwa na safari.

Ndiyo maana nasema anza kupunguza safari kabla hujaanza kugombana na bei ya kidonge. Kliniki yako ikiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, mwambie daktari mapema kwamba unatoka Pemba, tena kijijini. Muulize kama anaweza kukuona kila baada ya miezi 3 na kukuandikia cheti cha kila mwezi, dawa ichukuliwe na ndugu aliyeko Unguja akutumie. Duka likikubali, na jina lako, kipimo na jina la atakayechukua vikiandikwa wazi, ile hesabu ya juu inashuka: vidonge Sh 180,000, safari moja Sh 120,000, jumla Sh 300,000. Hujabadilisha dawa, na umeokoa karibu nusu. Dawa isafiri ndani ya pakiti yake, pamoja na nakala ya cheti. Mfuko wa plastiki wenye vidonge visivyo na jina, bandarini, ni matatizo ya kujitakia.

Kazi ya katikati ifanyike karibu na nyumbani. Presha, mapigo ya moyo na uzito vinatakiwa kupimwa mara kwa mara kwa anayetumia dawa hizi, na hilo hospitali ya Vitongoji inaliweza bila kuvuka bahari. Andika vipimo kwenye daftari, mpelekee daktari.

Sasa vidonge vyenyewe. Methilifenideti ya kawaida hufanya kazi saa 3 hadi 4, kisha inaondoka mwilini. Mtu mzima huenda akahitaji kumeza mara 3 kwa siku, yaani vidonge 90 kwa mwezi. Ile ya kuachia taratibu, kama Concerta, humezwa mara moja asubuhi na kushika kama saa 12. Jedwali la kubadilisha linasema miligramu 10 mara 3 kwa siku ni sawa na kidonge kimoja cha Concerta cha miligramu 36. Kwa hiyo ukisimama mbele ya muuza dawa, usiulize kidonge kimoja ni shilingi ngapi. Uliza vitatu vidogo kwa kimoja kikubwa. Kikubwa kikizidi bei ya vitatu vidogo, ziada ile unalipia wepesi wa kumeza mara moja. Kwa mwenye ADHD wepesi huo si anasa, maana kusahau dozi ya saa sita ndiyo maradhi yenyewe. Lakini kama simu inakukumbusha na unaitii, chukua vidogo. Uliza pia kama kipo cha miligramu 20 cha kawaida chenye mstari wa kukatia. Mara nyingi nusu yake hutoka rahisi kuliko kidonge kizima cha 10. Kile cha kuachia taratibu usikate, usitafune, usisage: kimeundwa kutoa dawa kidogo kidogo, na ukikivunja inatoka yote kwa pamoja.

Njia nyingine ya halali ya kupunguza ni siku. Methilifenideti haihitaji kujengeka mwilini. Wapo ambao daktari huwaruhusu kuimeza siku za kazi tu. Siku 22 badala ya 30 ni zaidi ya robo ya gharama iliyobaki mfukoni. Hili liamuliwe na daktari, kwa sababu anayeendesha bodaboda Jumamosi na Jumapili hana siku ya mapumziko kutoka kwenye hatari.

Atomoksetini ni habari tofauti. Haimo kwenye mkataba wa 1971, daktari anaweza kuandika ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na humezwa mara moja kwa siku. Kwa mtu mzima huanza miligramu 40 na kupanda hadi 80. Tuseme ni Sh 150,000 kwa mwezi, mara mbili na nusu ya methilifenideti ya mfano wetu. Ya miezi 3 pamoja na safari moja ni Sh 570,000, karibu sawa na zile 540,000 za kufuata kidonge rahisi kila mwezi. Asiye na ndugu Unguja wa kumchukulia aifikirie kwa makini. Ila ina sharti zito: haikatizwi siku, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki kadhaa, hata miezi miwili au mitatu. Kama pesa uliyonayo ni ya mwezi mmoja na msimu wa karafuu bado, usiianze. Utalipa mwezi mgumu, kichefuchefu na mdomo kukauka, kisha uache kabla haijakufaa. Weka kwanza ya miezi 3. Mchezo wa kuchangiana pesa wa kina mama wa mtaani unafaa sana kwa hili: omba zamu yako iangukie mwezi wa safari.

Na Ramadhani lazima iingie kwenye mpango, jambo ambalo vitabu vya Ulaya havina. Dozi 3 za mchana haziwezekani kwa aliyefunga. Ya kawaida ukiimeza wakati wa daku inakwisha kabla ya saa nne asubuhi, mchana wote uko peke yako. Ya kuachia taratibu ukiimeza daku hukufikisha hadi alasiri. Atomoksetini haijali sana, daku au futari, mradi ni wakati ule ule kila siku. Kwa hiyo hata anayetumia vidonge vidogo mwaka mzima anaweza kumuomba daktari cheti cha Concerta kwa mwezi huo mmoja. Hapo nisingebania pesa.

Vipo vya rahisi vinavyotajwa kama mbadala. Amitriptilini inapatikana sehemu nyingi na bei yake ni ndogo, lakini ushahidi wake kwa ADHD ya watu wazima ni dhaifu, inalaza, na ikizidi kipimo inaua kwa kuvuruga moyo. Imipramini ilijaribiwa zamani na ina hatari za namna ile ile. Bupropioni husaidia baadhi ya watu, lakini haimfai kabisa mwenye kifafa. Mwongozo wa Uingereza wa 2018 kwa watu wazima unaanza na methilifenideti au lisideksamfetamini, kisha atomoksetini. Daktari akikupa kingine kwa sababu ya bei, akueleze wazi kwamba ni kwa sababu ya bei.

Mirungi isiwemo kwenye hesabu. Ni kweli inachangamsha, na wapo wanaojitibu nayo bila kujua wanachotibu, lakini ni haramu kisheria, inakula usingizi, na mtu hajui anameza kiasi gani. Kahawa chungu ya barazani haina ubaya mkubwa kwa mwenye presha nzuri. Haifiki nguvu ya dawa, na ukinywa usiku unaiba usingizi ambao kesho utaulipa kwa kupoteza mambo.

Wengi wana ndugu Maskati, na wazo la kwanza ni kumwambia aje nazo. Oman ina sheria kali ya dawa za kulevya na zinazoathiri akili, Amri ya Kifalme 17/99, na Zanzibar ina yake. Dawa ya aina hii hutolewa na kusafirishwa kwa jina la mgonjwa, kwa cheti. Ndugu akikamatwa na vidonge vya mtu mwingine, gharama yake haipo kwenye jedwali lolote la bei. Akitaka kusaidia, atume pesa.

Na kuna msaada usiohitaji stoo. Huko Boston, utafiti uliochapwa 2010 uliwafuatilia watu wazima 86 wenye ADHD ambao dawa ilikuwa imewasaidia nusu nusu. Waliofundishwa kwa vikao 12 jinsi ya kutumia kalenda, kugawa kazi vipande na kuandika yanayowavuta mawazo walipata nafuu zaidi ya waliofundishwa kupumzika. Yaliyofundishwa mule yanaingia kwenye daftari la Sh 1,000. Muuguzi wa afya ya akili aliyefunzwa anaweza kuyafundisha Pemba, na mimi naona hapa ndipo Wizara ingepata faida kubwa kwa pesa ndogo. Kombe la mwalimu, yale maji ya aya za Kurani, halizuii lolote kati ya haya. Anayelinywa aendelee na dawa yake, asiache moja kwa ajili ya lingine.

Pesa ikikatika katikati ya mwezi, mwambie daktari kwa simu kabla hujapunguza chochote. Methilifenideti kwa kipimo cha kawaida mara nyingi huachwa bila kuteremshwa hatua kwa hatua, ingawa siku chache za mwanzo unaweza kuwa mchovu na mwenye hasira. Klonidini, ambayo wengine hupewa usiku, usiiache ghafla hata siku moja: presha hupanda kwa kasi. Kama shilingi zilizobaki zinatosha dawa moja tu, basi ni hiyo.