Njia ya Misafara na Daftari Zilizofungwa
(Sehemu ya Nne: Kipalapala, Soni na mlango wa mahakama)

Kujiuzulu kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, kulikotangazwa tarehe 12 Novemba 2024, kulifuatia uchunguzi ulioonyesha kwamba viongozi wa Kanisa la Anglikana walikuwa na habari za ukatili wa John Smyth, wakili aliyeongoza kambi za vijana wa Kikristo, wala hawakuhakikisha kwamba zinafuatiliwa mpaka mwisho. Ripoti ya kwanza juu ya mtu huyo iliandikwa mwaka 1982, ikasomwa na wachache, ikafungiwa. Miaka miwili baadaye Smyth akahamia Zimbabwe, ambako aliendelea kuwachapa wavulana kambini. Kwa msomaji aliyeufuata mfululizo huu tangu Bagamoyo, linalostahili kuangaliwa hapo ni kwamba maandishi yalikuwapo tangu mwanzo, ila waliokuwa na ufunguo wa kabati hawakutaka yasomwe, na kwa sababu hiyo makala haya yanarudi Tabora, kwa watu ambao kuandika ilikuwa sehemu ya kiapo chao cha utii.

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, walituma msafara wao wa kwanza bara mwaka 1878. Wamisionari kumi waliondoka Bagamoyo na wapagazi wao, wakalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo, wakamzika huko mwenzao, Padre Pascal, wakapenya pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, penye mji wa Tabora, kisha wakagawanyika, baadhi wakielekea Ujiji, walikofika Januari 1879, na wengine Buganda. Lavigerie aliagiza kila kituo kiandike shajara, yaani daftari la matukio ya kila siku, na agizo hilo lilishikwa hata na watu waliokuwa wakitetemeka kwa homa. Humo mna mvua na njaa, bei ya vitambaa, ujumbe kutoka kwa mtemi, wagonjwa, waliobatizwa na waliokufa. Ni hazina ambayo historia ya Unyamwezi haiwezi kuandikwa vema bila hiyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba hazina yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa na kuhifadhiwa Roma, huku mwalimu wa historia wa sekondari ya Tabora akilazimika kuwafundisha wanafunzi habari za mji wao kwa masimulizi ya wapitanjia kama Stanley.

Katika miaka ya 1880 shirika hilo lilikuwa na makao ya yatima Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, na wengi wa watoto waliolelewa hapo walikuwa wamekombolewa, maana yake wamenunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa ili waachwe huru chini ya ulezi wa misheni. Uhusiano na Mtemi Isike wa Unyanyembe ulipoharibika, kituo kikaachwa mwaka 1889. Wapo waliofaidika na malezi ya namna hiyo, na mfano unaotajwa daima ni Adrian Atiman, aliyekombolewa Sahara akiwa mtoto, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Makala haya hayadai kwamba mtoto yeyote wa Kipalapala alidhulumiwa kimwili. Yanachodai ni kwamba mtoto asiye na mjomba wala shangazi wa kumjulia hali alikuwa mikononi mwa mlezi mmoja tu, na kwamba daftari la mlezi ndilo shahidi pekee aliyebaki. Nakala za daftari hizo zingepaswa kuwekwa Kipalapala kwenyewe, palipo na seminari kuu tangu 1925 na palipokuwa na mitambo ya kuchapa vitabu, zikiwa zimefasiriwa kwa Kiswahili ili wajukuu wa waliokombolewa wazisome.

Thamani ya maandishi kwa aliyedhulumiwa ilionekana katika shauri la Soni, milima ya Usambara, ambako shirika la Warosmini liliendesha shule ya bweni ya Mtakatifu Mikaeli kwa wavulana wa Kizungu. Waliosoma hapo katika miaka ya 1950 na 1960 walitafutana uzeeni na kukuta kwamba kila mmoja alikuwa amebeba siri ileile ya kudhulumiwa. Padre Kit Cunningham, mmoja wa walimu wao, aliyefariki Desemba 2010 na kusifiwa sana katika tanzia za London, alikuwa amekwisha kukiri kwa barua, tena wakuu wake wakijua. Mwaka 2011 BBC ilitangaza habari hizo, na wanaume 22, wa Soni na wa shule nyingine ya shirika hilo huko Uingereza, wakaamua kudai fidia. Waliweza kufanya hivyo baada ya nusu karne kwa sababu sheria ya Uingereza humpa jaji hiari ya kupuuza ukomo wa muda, na tangu hukumu ya mwaka 2008 katika shauri la A dhidi ya Hoare hiari hiyo inahusu pia makosa ya kukusudia.

Tanzania mlango huo ni mwembamba zaidi. Madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu, unaoanza kuhesabiwa mtoto atimizapo miaka 18, na Waziri wa sheria anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya huo. Anayeshtakiwa katika madai huwa ni Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo, kwani jimbo husimama mahakamani kwa jina hilo. Jinai, kwa upande mwingine, haifungwi na Sheria ya Ukomo, kwa hiyo mtu wa miaka 40 aweza bado kufika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka, pamoja na amri ya fidia, na Sheria ya Ushahidi huruhusu hukumu kwa neno la mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Kumalizana kifamilia kwa mbuzi na fedha kidogo hakuondoi kosa, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila anayejua kutoa taarifa.

Ndani ya Kanisa Katoliki, amri ya Papa Fransisko ya Mei 2019, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2023, inamlazimu kila padre na mtawa kutoa taarifa kwa askofu, na Desemba 2019 Papa aliondoa siri ya kipapa katika mashauri haya. Hata hivyo adhabu kubwa ya mahakama ya Kanisa ni kumvua mtu upadre, wala haichukui nafasi ya polisi. Padre wa Jimbo la Moshi aliyefikishwa mahakamani Septemba 2022 kwa tuhuma za kuwadhulumu wasichana alisimama mbele ya hakimu wa serikali, na ndivyo ilivyopasa. Anayekwenda kushtaki leo na achukue cheti cha ubatizo, daftari la bweni, barua za shule na kila karatasi inayoonyesha nani alihamishiwa wapi na mwaka gani. Zisizomo mikononi mwake, mahakama ina uwezo wa kuamuru zitolewe.