Umeme usiosaga jiwe: hesabu iliyo ndani ya mota ya karasha

Kata ya Kang'ata, wilayani Handeni, inajulikana kwa dhahabu ya Magambazi, na penye dhahabu hapakosi karasha. Mawe yakishatoka shimoni lazima yasagwe hadi yawe unga, na ngoma nzito ya chuma inayoyasaga haizunguki bila injini ya dizeli au mota ya umeme. Penye mota, fundi akibana waya kwa mita yake hukuta mkondo mkubwa kuliko unaohitajiwa na kazi yenyewe. Ziada hiyo hupasha nyaya joto na kushusha volti mwishoni mwa laini, lakini haisagi hata kokoto. Kujua ni kiasi gani kunahitaji hesabu ambayo wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita huifanya, na wengi wakaisahau mara wanapotoka kwenye mtihani: kurahisisha sehemu yenye namba ya kufikirika.

Umeme wa gridi yetu, ukiwemo ule wa Hale wilayani Korogwe ambako maji ya mto Pangani yalianza kuzungusha mitambo mwaka 1964, hupishana mwelekeo mizunguko 50 kila sekunde. Kwenye pasi au hita, mkondo hupanda na kushuka sambamba na volti. Koili ya mota haiendi hivyo. Kila volti inapopanda, koili hujenga sumaku kwanza, na sumaku hiyo huupinga mkondo usipande haraka. Kama koili isingekuwa na ukinzani wa kawaida hata kidogo, mkondo ungechelewa robo mzunguko kamili, yaani milisekunde 5.

Robo mzunguko hiyo ndiyo inayobebwa na alama j, ile namba ya kufikirika. Ukizidisha namba kwa j, umeigeuza nyuzi 90. Ukizidisha tena, umegeuza nyuzi 180 na namba imekuwa hasi. Ndiyo maana j mara j ni −1. Vitabu vya hisabati huandika i, ila katika umeme herufi hiyo imekwisha kupewa mkondo.

Tuchukue mota ndogo ya fezi moja inayofanya kazi kwa volti 230. Tuseme inapozunguka na mzigo wake, upinzani wake wote ni 8 + 6j: omu 8 upande wa kazi, omu 6 upande wa sumaku. Mkondo ni volti kugawanya kwa upinzani, yaani 230/(8 + 6j). Ukiitazama sehemu hii hivi ilivyo haikuambii kitu, kwa sababu kazi na sumaku vimefungwa pamoja katika asili.

Dawa yake ni kuzidisha kiasi na asili kwa namba mwenza ya asili: ileile, ila alama ya katikati imegeuzwa, 8 − 6j. Thamani ya sehemu haibadiliki, maana tumezidisha kwa 1. Lakini tazama kinachotokea chini: (8 + 6j)(8 − 6j) = 64 − 48j + 48j − 36j². Zile 48j zinafutana. Na kwa kuwa j² ni −1, −36j² inakuwa +36. Asili imebaki 100 tupu. Juu tunapata 230 × 8 = 1,840 na 230 × 6 = 1,380, hivyo mkondo ni 18.4 − 13.8j.

Aliyewahi kuondoa kipeuo cha pili kwenye asili, kwa mfano kuzidisha 3 + √2 kwa 3 − √2 akapata 7, ameshaifanya kazi hii. Kilicho kipya ni maana yake. Kurahisisha hapa hakukufupisha sehemu. Kumetenganisha vitu viwili. Ampea 18.4 ndizo zinazofanya kazi. Ampea 13.8 huenda kujenga sumaku na kurudi kwenye laini, kila mzunguko, bila kuacha kazi yoyote. Mita ya fundi haioni utengano huo. Inasoma kipeuo cha pili cha 18.4² + 13.8², yaani ampea 23. Gawanya 18.4 kwa 23 upate 0.8, ambayo mafundi huiita pawa fakta.

Wateja wakubwa wa TANESCO, vikiwemo viwanda, hulipia kilowati-saa pamoja na kilele cha mahitaji ya mwezi kinachopimwa kwa kVA. Katika kVA, ampea za sumaku zimo. Mwenye mota nyingi zenye pawa fakta ya chini anailipia sumaku inayokwenda na kurudi.

Alama ya kutoa mbele ya 13.8j ndiyo inayoonyesha tiba. Kapasita hufanya kinyume cha koili: mkondo wake hutangulia volti, kwa hiyo j ya mkondo huo ni chanya. Tukiweka sambamba na mota yetu kapasita inayovuta +13.8j, pande mbili zinafutana, na laini inabaki na ampea 18.4. Hesabu ya mizunguko 50 inadai kapasita ya maikrofaradi 191 hivi. Joto la waya hufuata mraba wa mkondo: 18.4 kwa 23, kipeo cha pili, ni 0.64. Waya wa kuja kwenye mota umepunguziwa joto kwa asilimia 36 na kasi ya kusaga haijaguswa. Kwa karasha kubwa la fezi tatu, hesabu ni hiyohiyo kwa kila fezi.

Naomba hapa fundi asikilize kwa makini. Kapasita huhifadhi chaji hata swichi ikizimwa. Anayeishika kabla haijatolewa chaji kwa kikinzani kinachofaa anaweza kupigwa na umeme wa kumwua, huku laini nzima imekatwa. Kazi hii ni ya fundi aliyesomea.

Rafael Bombelli wa Italia aliandika kanuni za namba za kufikirika mwaka 1572, karne tatu kabla ya umeme wa majumbani. Charles Steinmetz, mhandisi aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeonyesha kwenye kongamano la umeme la Chicago mwaka 1893 kwamba zinaweza kuchukua nafasi ya hesabu ndefu za mawimbi. Naamini mwalimu akianza na mota, kisha ndipo aandike j ubaoni, wanafunzi wengi zaidi watabaki naye.

Hesabu hii haiishii kwenye mota; hata mwili wa binadamu unayo. Maji na chumvi za mwili huupinga umeme kwa namna ya kawaida, ilhali utando wa kila seli hufanya kazi kama kapasita ndogo mno. Vipo vifaa vya hospitali vinavyopitisha mwilini mkondo dhaifu usiohisika, mara nyingi wa mizunguko 50,000 kwa sekunde, kisha vikasoma upinzani wenye pande mbili, mfano 500 − 50j. Pembe kati ya volti na mkondo inayotokana na namba hizo ni nyuzi 5.7 hivi. Utapiamlo na magonjwa ya muda mrefu huweza kuipunguza pembe hiyo seli zinapopungua na tando zake kudhoofika, na wataalamu wa lishe huifuatilia kwa mgonjwa pamoja na uzito wake, kwa kuwa uzito unaweza kupandishwa na maji ya uvimbe hata pale misuli inapozidi kuisha.