Handaki la Vita Lililogeuka Ngome ya Siri za Raia

Katika mtaa wa Södermalm, mjini Stockholm nchini Uswidi, kuna handaki liitwalo Pionen. Limechongwa ndani ya jabali, mita 30 chini ya ardhi, na mlango wake una unene wa sentimita 40. Zama za Vita Baridi lilikuwa kituo cha ulinzi wa raia: endapo bomu la nyuklia lingeangushwa, shughuli muhimu za utawala zingeendeshwa humo. Bomu halikuangushwa, na mwaka 2008 handaki hilo lilifunguliwa kwa kazi nyingine kabisa. Kampuni ya intaneti ya Bahnhof ililigeuza ghala la kompyuta.

Msanifu wa majengo aliyekabidhiwa kazi hiyo ni Albert France-Lanord. Kwa desturi nyumba ya kompyuta ni chumba cheupe, cha baridi, chenye kelele za feni, ambacho hakuna binadamu apendaye kukaa ndani yake. Yeye alifanya jaribio la kinyume. Aliliacha jabali wazi pasipo kulipiga lipu, akapanda mimea, akatiririsha maporomoko ya maji, akaweka tangi kubwa la samaki na taa zinazoiga mwanga wa mchana, kisha akatundika chumba cha mikutano cha vioo juu ya ukumbi wa mitambo. Wenyewe hawafichi kwamba walivutiwa na sinema za James Bond. Umeme ukikatika, jenereta huendeshwa kwa injini za dizeli za Kijerumani za aina iliyotumika katika nyambizi. Askari aliyewahi kulala handakini atacheka kusikia habari za samaki. Lakini wahandisi wanaokesha huko chini miezi nenda miezi rudi ni watu, na jua hawalioni.

Mbwembwe hizo zina shabaha yake. Kampuni ilitaka mteja aamini kwamba siri zake zimo ndani ya ngome. Mwaka 2010 habari zikaenea duniani kwamba baadhi ya kompyuta za WikiLeaks, shirika lililokuwa likitangaza nyaraka za siri za jeshi la Marekani, zilikuwa humo. Hata hivyo, mashindano makubwa zaidi kati ya Bahnhof na dola yalihusu kumbukumbu za raia wa kawaida.

Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliagiza kampuni zote za simu na intaneti zihifadhi kumbukumbu za mawasiliano kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 2. Si maneno yaliyosemwa, bali nani kawasiliana na nani, saa ngapi, na akiwa wapi. Polisi wana haki ya kuzithamini kumbukumbu hizo. Mpelelezi wa kesi ya mauaji asiye na shahidi huweza kujua kwa simu peke yake ni nani alikuwapo karibu na marehemu usiku ule. Lakini agizo lilimgusa kila mtu, mwizi na mcha Mungu, na hata daktari na mgonjwa wake. Tarehe 8 Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililifuta.

Bahnhof iliacha kuhifadhi. Serikali ya Uswidi ilishikilia kwamba sheria ya nchi ingali hai, na ofisi inayosimamia posta na simu ikatishia faini ya kronor milioni 5. Kampuni ikatii, papo hapo ikawapa wateja wake, bila malipo, njia iliyofichwa ya kupita katika intaneti, ili kumbukumbu zitakazohifadhiwa zisiwe na la kueleza. Askari polisi ataiona hiyo kuwa kejeli kwa dola, wala hatakosea. Mwezi Desemba 2016, katika shauri ambalo kampuni nyingine ya simu, Tele2, ilikuwa upande mmoja, Mahakama iliamua tena: kuhifadhi kumbukumbu za watu wote bila kubagua ni marufuku, kuhifadhi za wanaolengwa, kwa ajili ya makosa makubwa, kunaweza kuruhusiwa, na kwa kawaida polisi wapate kwanza idhini ya mahakama au ya chombo huru.

Asidhani msomaji kwamba ufundi wa kujificha katika intaneti ulibuniwa na wapinzani wa dola. Mojawapo ya mbinu zake kuu ilizaliwa katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Ujumbe hufungwa kwa matabaka kama kitunguu, kisha hupitishwa katika kompyuta kadhaa. Kila moja humenya tabaka moja, ikajua tu ujumbe umetoka kwa nani na uende kwa nani baada yake. Tatizo likawa hili: kama wanamaji peke yao wangeitumia njia hiyo, kila apitaye angejulikana kuwa mwanamaji. Walihitaji umati wa kujichanganya nao. Mwaka 2004 maabara hiyo iliitoa programu, iitwayo Tor, itumiwe na yeyote bila malipo.

Wasanii nao wakaichukua. Mwaka 2014 Trevor Paglen na Jacob Appelbaum waliunda sanamu ya mchemraba wa plastiki angavu, yenye kompyuta ndani inayoonekana wazi. Jumba la makumbusho likiiweka, mgeni huunganisha simu yake nayo, na mawasiliano yake hupita katika njia ileile ya matabaka.

Haja ya kujificha haijawatoka wanajeshi. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kupima mbio za wanamichezo, ilichapisha ramani ya dunia ikionyesha kwa mistari ya mwanga mahali watumiaji wake wanapokimbia. Majina hayakuwamo. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alitambua kwamba katika jangwa la Syria na nyika za Afghanistan, ambako raia wachache mno hutumia programu hiyo, kulikuwa na miduara iking'aa: askari wa kigeni walikuwa wakifanya mazoezi kuizunguka kambi yao huku saa za mikononi zikiichora. Mwezi Agosti mwaka huo, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwapiga marufuku askari wake kutumia vifaa vinavyoonyesha mahali walipo wanapokuwa katika maeneo ya operesheni.