Ukurasa Umekwama? Soma SMS Kabla ya Kulipa Tena

Duka la mtandaoni linaweza kupendeza kwenye kompyuta ya ofisini, halafu likagoma kwenye simu yako pale steji ya Kakamega. Ndiyo maana kurasa za malipo tunazijaribu kwa simu za kawaida: kioo kidogo, mtandao wa polepole, hata Opera Mini. Ikibana bando kabisa, Opera Mini huletewa ukurasa uliokwisha kupangwa kwenye seva, kwa hivyo unaweza kuendelea kuona “subiri” ilhali pesa zimeshatoka.

Usikimbilie kulipa mara ya pili. Soma kwanza SMS ya uthibitisho, au uangalie salio. Na PIN yako? Kamwe usiiandike kwenye ukurasa wa wavuti, hata uwe unapendeza namna gani.