Niliitamani Liemba miaka mingi, nikaipanda bila tiketi

WALE wanaofuata mizigo Dar es Salaam au Mombasa wameziona meli za watalii zinapotia nanga. Ni nyeupe, zina ghorofa nyingi kama hoteli, na usiku zinawaka taa kuliko mtaa mzima. Mfanyabiashara aliyekuja kukomboa kontena lake husimama kidogo, mikono kiunoni, akaangalia. Hana ugomvi na waliomo ndani. Anajiuliza jambo moja tu: je, na mimi siku moja nitapanda kitu kama hicho, bila mzigo, bila haraka, nikiwa abiria na basi?

Sisi wa Ziwa Tanganyika hatuna meli za namna hiyo. Lakini tamaa yenyewe tunaijua vizuri. Kwangu mimi tamaa hiyo ilikuwa na jina, Liemba, na ilikuwa na siku yake, Jumatano.

Nilizaliwa Ujiji mwaka 1980. Wazazi wangu walivuka kwa mtumbwi kutoka Rumonge mwaka 1972, na yaliyotokea mwaka ule wasomaji wengi wa ukurasa huu wanayajua bila kuelezwa. Nilisoma Kigoma, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Huko niliitwa Mrundi. Niliporudi Burundi nikaitwa Mtanzania. Hilo nalo si geni kwa msomaji aliyepitia njia hiyo.

Mama aliuza maandazi na chai bandarini Kigoma siku za meli. Jumatano saa kumi jioni, Liemba iling'oa nanga kwenda Mpulungu, Zambia, ikafika huko Ijumaa asubuhi. Siku hizo nilitoka shule moja kwa moja hadi bandarini, kwa kisingizio cha kumsaidia mama kubeba birika. Kwa kweli nilikwenda kuitazama meli.

Abiria walikuwa wa namna tatu. Walikuwapo wachuuzi wenye magunia ya dagaa, chumvi ya Uvinza, madumu ya mawese na katoni za sabuni. Walikuwapo wanavijiji wa kusini, wa Kalya, Karema, Kipili na Kasanga, ambao hawakuwa na njia nyingine ya maana ya kufika kwao. Huko sehemu nyingi hakuna gati. Meli husimama majini, hupiga honi, na mitumbwi huizunguka kama vifaranga kumzunguka kuku, watu wakishuka na kupanda kwa kamba na kwa kushikwa mikono.

Halafu walikuwapo Wazungu wachache wenye mabegi ya mgongoni. Hawa walitoka mbali kwa ajili ya kuipanda meli tu. Hawakuwa wanakwenda kuuza kitu wala kumzika mtu. Walikaa daraja la kwanza, wakaegemea chuma cha sitaha, wakatupungia mkono sisi watoto. Sikuwahi kuwachukia. Niliwashangaa tu. Kumbe safari inaweza kuwa starehe! Nyumbani kwetu neno safari lilikuwa na maana moja, nayo ni usiku, watoto kuzibwa midomo, na mtumbwi.

Mama mwenyewe alikuwa na tamaa yake. Kabla ya vita vilivyoanza mwaka 1993, Liemba ilikuwa ikifika pia Bujumbura. "Ikienda kaskazini, mwanangu," aliniambia, "inapita mbele ya kwetu. Ukisimama juu pale utaiona Rumonge na michikichi ya babu yako." Hakuwahi kupata nauli ya kwenda kuiona, na hata angeipata, asingethubutu kushuka.

Meli iliyozama ikafufuka

Tulifundishwa historia ya meli hiyo na mwalimu wa darasa la sita, naye aliisimulia kana kwamba ni ya ukoo wake. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, ikapewa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Hapo ikaungwa upya, na mwaka 1915 ikaingia ziwani, wakati Vita Kuu ya Kwanza imekwisha kuwaka.

Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa, waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nzito, wakitumaini kwamba siku moja wataitoa. Hawakupata nafasi hiyo. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, wakaikarabati, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hili kwa watu wa upande wa kusini.

Sisi watoto wa wakimbizi tuliipenda sana sehemu ile ya grisi. Mtu anazamisha mali yake huku anaitunza, kwa sababu anaamini atarudi. Baba alikuwa amefanya vivyo hivyo. Alipokimbia mwaka 1972 alifukia majembe mawili na sufuria nyuma ya nyumba. Alifariki bila kuyafukua.

Dakika mbili juu ya sitaha

Mwaka 1994, nikiwa na miaka 14, tamaa ilinishinda. Makuli walikuwa wakipakia sukari, nami nikaomba kumsaidia mmoja wao mfuko mdogo. Nikapanda ngazi, nikautua mfuko, kisha badala ya kushuka nikapenya hadi upande wa mbele. Nikashika chuma kile kile walichokuwa wakishika Wazungu. Kilikuwa cha moto kwa jua, na rangi yake imebanduka. Nikatazama chini nikamwona mama na birika lake, mdogo kama mtoto.

Nilikaa hapo dakika mbili, labda tatu. Kisha mkono ukanigusa begani. Alikuwa baharia mmoja mtu mzima.

"Kijana, tiketi yako iko wapi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza tiketi."

Sikuwa na la kusema. Hakunipiga wala hakunikaripia. Alinishika mkono akanishusha ngazi hadi chini, akaniambia: "Siku ukiwa nayo, njoo. Nitakuonyesha hadi chumba cha injini." Mama aliona yote. Usiku ule alianza kuweka sarafu katika kopo la maziwa, akasema ni nauli yangu ya Mpulungu. Mwaka uliofuata kopo hilo likalipa karo.

Wenzetu walipoondoka

Mwaka 1997 niliiona Liemba kwa namna nyingine. Ndugu zetu Wakongo waliokuwa wamekimbilia Kigoma walianza kurudishwa kwao baada ya Mobutu kuanguka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia Liemba pamoja na meli ya Mwongozo, na kwa jumla watu zaidi ya 75,000 walivushwa kurudi Kongo.

Nilikuwa nikisimama pale pale kwenye maandazi ya mama, nikiwatazama wakipanda na magodoro, masufuria na kuku. Wengine walikuwa wakiimba. Nakiri kwamba niliwaonea wivu. Kwa miaka yote nilikuwa nikitamani meli kwa ajili ya meli. Siku zile nilitambua kwamba mtu anaweza kuitamani meli kwa sababu inakwenda kwao. Mama hakuuza kitu siku ya kwanza. Alikaa juu ya ndoo akatazama mpaka honi ikalia.

Mimi nilirudi mwaka 2008, na si kwa meli. Tulirudi kwa barabara, katika msafara, na godoro moja na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa nailoni. Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla, na mtu mwenye Kiswahili cha shule alihitajika. Nikapata kufundisha. Habari za shamba la babu ni ndefu, na wengi wenu mna kesi kama hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba tuligawana michikichi na waliokuwa wakiishi pale, na hadi leo tunasalimiana.

Kagunga, Mei 2015

Msomaji anaweza kudhani kwamba nilikuja kuipanda Liemba nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, nimevaa shati safi. Haikuwa hivyo.

Mwaka 2015 nchi yetu ilipopata matatizo, watu walianza kukimbia tena. Nilikuwa nimeoa, nina binti wa miaka sita na mvulana wa miwili. Tulivuka hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho mpakani kabisa. Anayekijua anajua kilivyo: mlima mkali nyuma, ziwa mbele, na ufuo mwembamba katikati. Wakati ule hapakuwa na barabara ya gari. Katikati ya Mei watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamerundikana pale, vyoo hakuna, maji ni ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Tulilala juu ya mchanga siku tano. Kila asubuhi tulihesabu watoto kwanza, ndipo tunasalimiana.

Siku ya nne niliisikia honi kabla sijaiona meli. Nilisimama ghafla, mke wangu akadhani nimeugua. Liemba ilikuwa imesimama majini mbali kidogo na ufuo, kwa sababu wakati ule Kagunga hapakuwa na gati la kuipokea. Boti za wavuvi zilipeleka watu, na meli ilichukua kama 600 kwa safari moja hadi Kigoma. Zamu yetu ilifika siku ya pili yake.

Tulipandishwa kwa kuvutwa mikono, kama nilivyokuwa nikisikia hufanyika kule kusini. Hakuna aliyeniuliza tiketi. Tulihesabiwa tu. Binti yangu alikuwa ameharisha usiku kucha, nami nilimbeba mgongoni nikijua kwamba akizidiwa safarini sina la kumfanyia zaidi ya maji ya chumvi na sukari tuliyopewa kwenye chupa. Nilimpeleka upande wa mbele penye hewa. Chuma kilikuwa pale pale. Nilikishika.

"Baba," akaniuliza kwa sauti ndogo, "hii ndiyo ile meli ya hadithi yako?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Inanuka."

Ni kweli ilikuwa ikinuka. Ilikuwa inanuka dawa, jasho na matapishi. Sikutazama ziwa wala milima. Nilitazama midomo ya mtoto kama inakauka. Ile safari niliyoingoja miaka zaidi ya 20, siwezi leo kukueleza hata rangi ya maji yalivyokuwa.

Tulipoingia Kigoma niliona watoto wamesimama bandarini wakitutazama. Mmoja alikuwa amebeba birika. Nilitaka kumpungia mkono, lakini mikono ilikuwa na mtoto. Tukapelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, na baadaye kambi ya Nyarugusu. Binti alipona. Tulikaa huko miaka mitatu, tukarudi mwaka 2018, safari hii kwa basi.

Tiketi

Mwaka huo huo wa 2018 Liemba ilisimamisha safari zake, ikisubiri matengenezo makubwa. Nilipokwenda Kigoma mwaka 2022 kumzika mama, niliikuta imefungwa gatini, kimya, kutu imeshuka ubavuni. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa kuikarabati. Wachuuzi wa ukanda huu wanajua umuhimu wa jambo hilo kuliko mimi. Mtu wa Rumonge au Nyanza-Lac anayefuata bidhaa Kibirizi hupanda boti ya mbao, na upepo wa ziwa letu haumwulizi kama ana watoto. Meli kubwa ya abiria si anasa kwake. Ni kufika salama, yeye na mzigo wake.

Lakini mimi nina haja nyingine ndogo, na siioni aibu kuitaja. Wapo wanaosema kwamba mkimbizi aliyerudi hapaswi kutamani safari, kwamba amesafiri vya kutosha. Nadhani wamekosea. Mtu aliyehamishwa mara mbili ndiye hasa anayehitaji kusafiri mara moja kwa hiari yake, akijua siku ya kwenda na siku ya kurudi, na nyumba amewaachia jirani ufunguo.

Jioni za Jumatano huwa ninawapeleka wanafunzi wangu ufuoni kujifunza msamiati: gati, nanga, sitaha, nahodha. Meli za mizigo hupita zikitoka Mpulungu na sukari na saruji kwenda Bujumbura. Wao hunyoosha vidole na kuuliza, "Mwalimu, nauli ni kiasi gani?" Hawaulizi tunakimbilia wapi. Nafurahi kwamba hilo ndilo swali lao.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, na hakumbuki harufu ile. Anakumbuka honi tu. Nyumbani tuna kopo la maziwa. Limeandikwa Mpulungu, kwenda na kurudi, watu wanne. Siku Liemba itakapotuchukua nataka tupande kwa ngazi, polepole, na nataka baharia anisimamishe mlangoni aniulize tiketi yangu iko wapi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili, Rumonge.